Programu iliyojengeka Debian inagoma kujengeka FreeBSD: nianzie wapi?

MfongoniKibosho, Moshi

Ndugu wanajukwaa, habari za majukumu. Ninaomba msaada katika jambo ambalo limeninyima usingizi kwa siku tatu mfululizo.

Ninahudumia kompyuta za kikundi kidogo cha wakulima wa kahawa na migomba huku juu Kibosho, ambao miaka kadhaa iliyopita walifunga vipimo 5 vya mvua na joto kandokando ya mifongo yao (mifereji ya kumwagilia). Takwimu za vipimo hivyo hupokelewa na programu huria iliyoandikwa kwa lugha ya C, yenye mistari isiyozidi 11,000, ambayo hadi mwezi uliopita ilikuwa ikifanya kazi kwenye mashine ya Debian (mfumo wa Linux) bila kutusumbua. Mashine hiyo imekufa baada ya umeme kukatika na kurudi mara nne ndani ya saa moja. Iliyobaki ofisini ni seva yenye FreeBSD 14.1 (mfumo mwingine usio Linux), ambayo aliyenitangulia aliiandaa kwa ajili ya ZFS, njia yake ya kuhifadhi mafaili, na ndani yake zimo kumbukumbu zote za mvua na za mizani ya kahawa. Kwa hiyo wazo la kuifuta na kuweka Debian upya sithubutu hata kulitamka mbele ya mwenyekiti.

Nilidhani kwamba, kwa kuwa mifumo yote miwili ni ya ukoo wa Unix, kazi ingekuwa kunakili msimbo, kutoa amri ya make, inayojenga programu kutoka kwenye msimbo, na kwenda kunywa chai. Amri ya kwanza ilikataliwa katika mstari wa 14 wa Makefile (faili la maelekezo ya make), ule unaoanza na neno ifeq. Nikasoma mahali kwamba nitumie gmake badala ya make. Nikaiweka, ikasogea mbele, kisha ikatoa maneno haya:

sed: 1: "config.h": command c expects \ followed by text

Sikuelewa sed, programu ya kuhariri maandishi kwa amri, inalalamikia nini, nikaufuta mstari huo kwenye Makefile. Ikasogea tena, halafu ikasema kwamba faili la sys/epoll.h halipo, nikauziba mstari unaoliita. Ikasema malloc.h imeshapitwa na stdlib.h, nikauziba na huo. Sasa nina hitilafu 143, na ya mwisho kabisa ndiyo hii:

gmake: *** [Makefile:62: all] Error 2

Nimeitafuta hiyo "Error 2" mtandaoni hadi bando likaisha, na kila ninayemsoma anasema lake. Swali langu ni kama kuna njia ya kulifuatilia tatizo la namna hii kwa mpangilio, au ni lazima mtu awe amebobea katika FreeBSD ndipo aweze.

KijanaSanawari, Arusha

Pole sana, mkuu. Kwa mtazamo wangu unajitesa bila sababu. FreeBSD ina tabaka la kuendesha programu za Linux zilizokwisha kujengwa, na pia ina bhyve, ambayo itakuwezesha kuweka Debian ndogo ndani ya seva hiyohiyo bila kugusa kumbukumbu za wakulima. Mimi nilifanya hivyo kwa programu ya stoo na mpaka leo inafanya kazi.

Bi_Terminali, Njiro

Ushauri wa Kijana si mbaya kwa programu ya stoo, lakini kwa kazi hii una gharama ambazo hakuzitaja. Debian ndani ya bhyve itadai sehemu ya RAM ambayo ZFS nayo inaitaka kwa ajili ya akiba yake, na kuanzia siku hiyo utakuwa unasasisha mifumo miwili badala ya mmoja. Zaidi ya hapo, kifaa cha USB kinachosoma vipimo kitatakiwa kifike ndani ya mashine hiyo ya kufikirika, na bhyve haipitishi kifaa kimoja kimoja cha USB. Hupitisha kidhibiti kizima cha PCI. Kwa programu ya mistari 11,000 ambayo msimbo wake unao mkononi, ni nafuu kuirekebisha.

Ndugu Mfongoni, naomba uanze kwa kuifuta saraka yote ya msimbo na kukifungua upya kifurushi ulichokipakua, kwa sababu hitilafu nyingi kati ya hizo 143 umeziumba wewe mwenyewe. Ulipoziba mstari unaoliita sys/epoll.h, hukuliondoa hitaji la epoll, njia ya kusubiri habari kutoka miunganisho mingi kwa pamoja. Uliiondolea kompaila (inayogeuza msimbo kuwa programu) maelezo tu, na kila mahali ambapo aina na funksheni zake zinatumika sasa pamekuwa na kosa jipya. Nakusihi pia uweke msimbo huo chini ya git, inayotunza historia ya mabadiliko, kabla ya kugusa herufi moja, ili kila badiliko lijulikane limeletwa na nani na kwa sababu gani.

Sasa tuje kwenye hiyo "Error 2". Hiyo si hitilafu, bali ni gmake inayotangaza kwamba mmoja wa watoto wake ameanguka. Ni sawa na tarishi aliyeleta habari za msiba: ukimbana yeye kwa maswali hutajua marehemu aliugua nini. Habari yenyewe iko juu, katika hitilafu ya kwanza, na ili uione bila kuchanganyikiwa unapaswa kujenga kwa kazi moja moja, kwa kuwa kazi kadhaa zikienda sambamba maneno yake huingiliana na ile ya kwanza kutokea si lazima iwe ya kwanza kuandikwa. Mimi hutumia amri hii:

gmake -j1 V=1 2>&1 | tee jenga.log

V=1 husaidia pale tu ambapo Makefile imeandikwa kwa namna ya kuficha amri zake; mahali pengine haina madhara. Kisha fungua jenga.log, tafuta neno "error:" la kwanza kutoka juu, lishughulikie hilo peke yake, na ujenge tena. Usishawishike kurekebisha mawili kwa mpigo.

Kuhusu make: amri ya make ya FreeBSD na ile ya GNU ni programu mbili tofauti zenye jina moja. Zinakubaliana katika sarufi ya msingi ambayo POSIX (kiwango cha pamoja cha mifumo ya Unix) inaieleza, lakini ifeq na $(shell ...) ni za GNU, ilhali BSD wana .if yao. Kwa hiyo gmake lilikuwa jibu sahihi. Angalia tu kama ndani ya Makefile kuna mahali palipoandikwa "make -C" moja kwa moja badala ya $(MAKE) -C, kwa sababu hapo gmake itamwita yule make mwingine kwa mlango wa nyuma na utarudi kwenye kosa la mwanzo bila kujua umerudije.

Kuhusu sed, nitakaa hapo kidogo kwa sababu ulichokifanya kingekuumiza baadaye. Bila shaka mstari ulioufuta ulifanana na huu:

sed -i 's|@PREFIX@|/usr/local|' config.h

Kwenye GNU, kiambishi cha nakala ya akiba kinachofuata -i ni cha hiari, na kikiwepo huandikwa kikiwa kimeshikana nacho. Kwenye FreeBSD kiambishi hicho ni cha lazima, kwa hiyo sed hulichukua neno linalofuata, lolote liwalo. Iliichukua ile 's|...|' yako ikidhani ndiyo kiambishi, ikabaki na "config.h" ikidhani hiyo ndiyo amri ya kuhariri, ikaona inaanza na herufi c, ambayo katika lugha ya sed ni amri ya kubadilisha mstari na hudai alama ya \ baada yake. Ukiusoma ujumbe ule tena sasa utaona kwamba ulikuwa unasema kweli tupu. Andika -i.bak, ikiwa imeshikana, na pande zote mbili zitaielewa. Kama ungeendelea bila mstari huo, programu ingejengeka siku moja na kuanza kutafuta mafaili yake kwenye saraka inayoitwa @PREFIX@, na hapo ungelaumu diski.

Kuhusu malloc.h, kufuta mstari huo ni sahihi iwapo stdlib.h tayari imeitwa. Kuhusu epoll, hiyo ni mali ya kerneli (kiini cha mfumo) ya Linux. FreeBSD ina kqueue, ya kazi kama hiyo, tangu toleo la 4.1 la mwaka 2000, na haina epoll. Kuna kifurushi kinachoitwa libepoll-shim, kinachoigiza epoll juu ya kqueue, na watu wengi hukitumia. Hata hivyo wewe una vipimo 5. Epoll ilibuniwa kwa ajili ya seva zinazohudumia maelfu ya miunganisho kwa wakati mmoja. Kwa vipimo 5 funksheni ya poll(), ambayo imo ndani ya POSIX, inatosha na kubaki. Hesabu ni mara ngapi epoll inatajwa ndani ya msimbo. Kama hazizidi kumi, andika upya sehemu hiyo kwa poll() na msimbo wako utajengeka kila mahali, hata huko ulikotoka.

MfongoniKibosho, Moshi

Asante sana, Dada Terminali. Nimeanza upya kama ulivyoelekeza. Mstari wa sed ulikuwa vilevile ulivyoubuni, hata ile @PREFIX@, nikabaki nacheka peke yangu ofisini. Epoll imetajwa mara 6, zote katika faili moja, na nimeibadilisha kwa poll() jana jioni.

Leo hitilafu ya kwanza ni hii, na baada yake ziko mbili tu za kufanana nayo:

serial.c:88:2: error: call to undeclared function 'cfmakeraw'; ISO C99 and later do not support implicit function declarations

Kinachonishangaza ni kwamba termios.h imeitwa juu kabisa ya faili, na nikiandika man cfmakeraw, FreeBSD inanionyesha ukurasa wake na kusema kuwa funksheni hiyo imo ndani ya termios.h hiyohiyo. Nimelifungua faili lenyewe katika /usr/include na nimeiona kwa macho yangu. Inawezekanaje kitu kiwepo na kompaila iseme hakijatangazwa?

MzeeWaTengeru

Vijana, nimekuwa nawasoma kimya kimya na nimefurahi kuona mtu anauliza swali akiwa na ushahidi mkononi. Hili la leo ndilo tatizo ambalo, kwa uzoefu wangu, huwapotezea watu muda mwingi kuliko mengine yote, kwa sababu hakuna kinachokosekana.

Fungua serial.c uangalie mistari mitano ya kwanza, kabla ya #include yoyote. Nitashangaa nisipokuta vitu viwili hivi:

#define _GNU_SOURCE
#define _XOPEN_SOURCE 700

Mafaili ya heda ya mfumo (yenye matangazo ya funksheni, kama termios.h) hayaonyeshi kila kitu kwa kila mgeni. Programu hutangaza juu ya faili ni kiwango gani inakifuata, na heda huonyesha vile tu ambavyo kiwango hicho kinaviruhusu. _XOPEN_SOURCE yenye thamani 700 maana yake ni kwamba mwandishi ameomba POSIX ya mwaka 2008 na nyongeza za X/Open, basi. Funksheni ya cfmakeraw haimo katika kiwango hicho. Ni ya kimila, ilizaliwa BSD na Linux ikaipokea. Kwenye glibc, maktaba ya C ya Linux nyingi, _GNU_SOURCE hufungua milango yote, kwa hiyo ombi la pili linapokuja halifungi chochote. Kwenye FreeBSD, _GNU_SOURCE haina uzito huo, linabaki ombi la pili peke yake, nalo linatekelezwa kwa uaminifu: kila kisicho cha kiwango kinafichwa. Ndiyo maana uliiona cfmakeraw ndani ya termios.h. Ukirudi kuangalia vizuri utaikuta iko ndani ya sharti la __BSD_VISIBLE, ambalo kwako limekuwa sifuri.

Tiba inakwenda kinyume na mazoea ya wengi, ambao hutaka kuongeza kitu. Kwa FreeBSD unapunguza: ondoa _XOPEN_SOURCE na heda zitakuonyesha kila kitu, kwa kuwa hiyo ndiyo hali yake ya kawaida mtu asipoomba chochote. NetBSD wao wana _NETBSD_SOURCE, ambayo unaiongeza. Usiitangaze cfmakeraw mwenyewe juu ya faili ili kompaila inyamaze. Ukikosea aina ya kigezo kimoja utakuwa umenunua tatizo litakaloonekana baada ya wiki tatu.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini programu za namna hii zilikuwa zikijengeka zamani kwenye FreeBSD hiyohiyo. Zilijengeka kwa bahati. Clang (kompaila ya FreeBSD) ya zamani ilipokutana na funksheni isiyotangazwa ilitoa onyo tu na kuikisia kwamba inarudisha namba nzima, kisha katika hatua ya kuunganisha funksheni yenyewe ilipatikana ndani ya libc (maktaba ya msingi ya C) na mambo yakaisha. Kuanzia Clang 16 kukisia huko ni kosa, na kompaila ya GNU, GCC 14 ya mwaka 2024, ikafuata. Maonyo ambayo watu waliyafumbia macho kwa miaka ishirini sasa yamekuwa milango iliyofungwa, na mimi binafsi naona ni heri.

Nina neno jingine, kwa kuwa nimeona unauliza kuhusu mpangilio. Kabla ya kuandika kiraka (marekebisho ya msimbo) chako mwenyewe, tazama kama kuna aliyekwisha kukiandika. FreeBSD ina mti wake wa ports (maelekezo ya kujenga programu za watu wengine) tangu 1994, NetBSD wana pkgsrc tangu 1997, na OpenBSD wana wao. Kila kifurushi kina saraka yake, na ndani yake viraka vyote vimewekwa wazi: FreeBSD huviweka katika saraka ya files, wengine katika patches. Hata kama programu yako haimo, tafuta iliyo ndugu yake, kwa mfano yoyote inayosoma vipimo kupitia waya wa serial. Soma pia Makefile za ports, kwa maana neno kama USES=gmake au shebangfix au iconv lililoandikwa hapo ni ungamo kwamba mtu fulani alikwama mahali hapohapo unapokwama wewe. Shebangfix, kwa mfano, ipo kwa sababu skripti nyingi huanza na #!/bin/bash, na kwenye FreeBSD bash haimo katika mfumo wa msingi. Ukiiweka hukaa /usr/local/bin.

Na si kila mara kosa liko kwenye msimbo. Mwaka 2014 FreeBSD 10 ilipotoka, vifurushi vingi vilijengeka hadi mwisho bila kosa hata moja, lakini maktaba za pamoja hazikutokea. Chanzo kilikuwa ndani ya skripti za configure, zinazokagua mfumo kabla ya kujenga, zilizotengenezwa na libtool ya zamani, ambazo zilitambua toleo kwa kulinganisha na freebsd1*, zikimaanisha FreeBSD 1 ya miaka ya tisini. Namba 10 nayo inaanza na 1. Skripti zikaamua kwamba zimekutana na mzee wa enzi hizo asiyejua maktaba za pamoja, zikaendelea na kazi kwa adabu. Tangu hapo, configure ikifanya jambo la ajabu, nasoma config.log kwanza kabla ya kumlaumu mtu, kwa sababu humo imeandikwa kila ilichojaribu na kila ilichojibiwa.

KijanaSanawari, Arusha

Mzee, shikamoo. Nakiri nimejifunza. Nami ninayo programu iliyogoma kwenye Alpine, ambayo ni Linux kabisa, ikisema execinfo.h haipo. Je, ni mambo yaleyale?

MzeeWaTengeru

Marahaba, mwanangu. Ni yaleyale. Alpine inatumia musl badala ya glibc, na musl haina execinfo.h wala funksheni ya backtrace. Kerneli ni ya Linux lakini libc ni nyingine, na programu nyingi tunazoziita za Linux kwa kweli ni za glibc. FreeBSD inayo backtrace ila imeiweka katika maktaba ya pembeni, hivyo huko huongezwa -lexecinfo. Kwa Alpine, iondoe sehemu hiyo kwa sharti, kwa kuwa mara nyingi ni ya kuandika ripoti programu inapoanguka.

MfongoniKibosho, Moshi

Mzee wangu, shikamoo. Mistari miwili ilikuwepo kama ulivyosema, na faili hilo sasa limepita. Baada yake kompaila haikuiona sqlite3.h (heda ya hifadhidata ya SQLite), nikagundua kwamba FreeBSD huweka vifurushi vyote chini ya /usr/local na kompaila haitafuti huko yenyewe, nikaongeza -I/usr/local/include na -L/usr/local/lib. Mafaili yote 23 yamepita. Lakini katika hatua ya mwisho ya kuunganisha:

ld: error: undefined symbol: libiconv_open

Programu hutumia iconv kubadilisha maandishi ya kipimo kimoja cha zamani kuwa UTF-8. Nimetafuta ndani ya msimbo wote kwa grep, na neno libiconv_open halimo hata mara moja. Humo mna iconv_open tu. Nani ameliandika?

Bi_Terminali, Njiro

Umeuliza swali zuri sana, kwa sababu jibu lake ni kwamba umeliandika wewe ulipoongeza ile -I, bila kujua.

FreeBSD ina iconv ndani ya libc yake tangu toleo la 10.0. Lakini kwenye seva yako pia kuna kifurushi cha libiconv cha GNU, ambacho bila shaka kililetwa na kifurushi kingine kinachokitegemea. Heda yake, iliyo katika /usr/local/include/iconv.h, ina #define inayoibadilisha iconv_open kuwa libiconv_open kimyakimya, ili isigongane na ile ya mfumo. Kabla hujaongeza -I/usr/local/include, kompaila ilikuwa ikisoma /usr/include/iconv.h, ulipoongeza kwa ajili ya sqlite3, ikaanza kusoma ile nyingine, maana saraka za -I hutangulia za mfumo. Matokeo yake umechukua mkataba kutoka nyumba moja na fundi kutoka nyumba nyingine.

Usiniamini kwa maneno. Ongeza -H kwenye amri ya kukompaili faili hilo moja, na kompaila itaorodhesha kila heda iliyosoma pamoja na njia yake kamili. Ukiiona /usr/local/include/iconv.h katika orodha hiyo, una njia mbili. Ya kwanza ni kuongeza -liconv, na programu itategemea kifurushi hicho daima. Ya pili ni kuongeza -DLIBICONV_PLUG, ambayo huiamuru heda hiyo isibadilishe majina, na hapo ile ya libc itatumika. Kwa seva yenu ningechagua ya pili, kwa sababu kupunguza kitu kimoja cha kutegemea ni kupunguza kitu kimoja cha kuharibika mwenyekiti akiwa anasubiri ripoti.

Tahadhari moja ndogo unapoziandika hizo swichi: CFLAGS ukiiweka kwenye mazingira ya terminali, Makefile yenye "CFLAGS =" itaifuta; ukiiandika baada ya neno gmake kwenye mstari wa amri, wewe ndiye utakayeifuta ile ya Makefile, pamoja na kila kitu cha maana kilichokuwamo. Fungua Makefile na uandike "CFLAGS +=".

MfongoniKibosho, Moshi

Imejengeka! Orodha ya -H ilionyesha heda ile ya /usr/local kama ulivyosema, na nimechagua LIBICONV_PLUG.

Furaha yangu ilidumu dakika mbili. Programu ilipoanza ilisema kwamba haijui iko wapi, na nilipoutazama msimbo nikakuta inajitafuta kupitia /proc/self/exe. Kwenye FreeBSD hii saraka ya /proc ni tupu. Baada ya masomo ya wiki hii nilijua angalau niulize swali gani: programu inataka nini hasa kutoka hapo? Nikakuta inataka tu saraka ya mafaili yake ya mipangilio, ambayo tayari imeandikwa katika config.h na ile sed niliyoifuta siku ya kwanza. Nimeifanya isome humo.

Imebaki kitu kimoja. Mipangilio inataja /dev/ttyUSB0, na kifaa hicho hapa hakipo, ingawa dmesg (ujumbe wa kerneli) inaonyesha kwamba kebo imetambuliwa.

MzeeWaTengeru

Hapo umefanya vema kuliko kuwasha procfs, inayoijaza /proc, kwa ajili ya mstari mmoja. Siku ukihitaji kweli njia ya programu yenyewe, FreeBSD hukupa kupitia sysctl ya KERN_PROC_PATHNAME.

Kifaa chako kinaitwa /dev/cuaU0. Kipo pia ttyU0, lakini hicho ni cha kupokea simu za modemu, na programu itakayokifungua huweza kuganda ikisubiri ishara ambayo kipimo cha mvua hakitaituma kamwe. Mtumiaji anayeendesha programu aingizwe kwenye kundi la dialer. Debian waliliita dialout, kwa hiyo skripti yako ya zamani ya kuandaa seva italikosa:

pw groupmod dialer -m jina_la_mtumiaji

Halafu nakuomba jambo moja kabla hujaondoka. Ijenge mara moja ndani ya jail tupu (chumba kilichotengwa ndani ya FreeBSD), ambayo haina kifurushi chochote zaidi ya vile unavyoamini vinahitajika. Seva ya ofisini imekusanya vitu vya miaka, na huwezi kujua programu yako imeegemea nini.

MfongoniKibosho, Moshi

Ninarudi kutoa taarifa. Vipimo vyote 5 vinasomeka tangu juzi saa kumi jioni, kwa jina la cuaU0.

Ndani ya jail tupu programu iligoma kujengeka, Mzee. Makefile inaita pkg-config ili kuuliza habari za sqlite3, na kwenye seva kuu ilikuwepo kwa sababu ya kifurushi kingine nisichokijua. Nimekiandika katika maelezo ya ufungaji pamoja na gmake na sqlite3, na mara ya pili ikapita yote, kwa dakika moja na nusu.

Mabadiliko yote yamegawanyika katika viraka 6 ndani ya git, kila kimoja na sababu yake. Vinne nimevituma kwa wenye programu: cha sed, cha malloc.h, cha poll() na kile cha _XOPEN_SOURCE, ambacho nimekiwekea sharti la __FreeBSD__ peke yake. Wamevipokea vitatu. Cha poll() wameniuliza kama nimekijaribu kwenye Linux, nami sina tena mashine ya Linux. KijanaSanawari, kama ile Debian yako ya stoo bado ipo ndani ya bhyve, naomba unijengee humo mara moja na uniletee jenga.log.

KijanaSanawari, Arusha

Ipo, mkuu. Nitumie tawi la git, nitaijenga leo usiku, kwa -j1.